Mto wa Mjini Husomwa Chini ya Mawe

Ukitaka kujua kama mto unaokatiza mjini ungali hai, usidanganywe na rangi ya maji. Maji maangavu huweza kubeba sumu. Inua jiwe. Chini yake utakuta konokono, ruba, minyoo na lava (watoto) wa wadudu, kila kundi na ustahimilivu wake. Wale lava wembamba wenye mikia mitatu na matamvua yanayopepea ubavuni huhitaji oksijeni nyingi, hivyo uchafuzi ukiingia ndio wa mwanzo kutoweka. Minyoo myekundu hustawi hata kwenye majitaka.

Sisi wa maabara huchota chupa moja ya maji, tukapima, tukaondoka. Chupa hiyo husimulia dakika ile tu. Mtu akifungulia majitaka usiku wa manane, kufikia asubuhi yameshapita. Lava aliyeishi pale kwa wiki kadhaa hakuwa na pa kukimbilia. Kwa mantiki hiyo Afrika Kusini ilibuniwa miniSASS, njia ambayo hata mwanafunzi anaimudu: unavuruga mawe kwa mguu mbele ya wavu kwa dakika tano hivi, unamwaga ulichonasa kwenye sinia jeupe na kutambua makundi. Kila kundi lina alama zake, na wastani wake ndio hali ya mto.

Kipimo kimoja hakitoshi. Pima sehemu ambayo maji hayajafika kwenye mdomo wa bomba unalolishuku, kisha sehemu yaliyokwisha kulipita, siku hiyohiyo. Alama zikiporomoka kati ya sehemu hizo mbili, wakaguzi wanajua pa kuanzia. Andika tarehe na saa, piga picha, rudi msimu ujao palepale. Na mamlaka inayopokea taarifa ijibu. Nimeona watu wa kujitolea wakikata tamaa kwa kunyamaziwa kuliko kwa ugumu wa kazi.

Kuokota plastiki ni jambo jema, ila mto unaweza kuondolewa taka zote zinazoonekana na bado usiwe na samaki. Bakteria wanaoozesha majitaka humaliza oksijeni, na joto huongeza tatizo: lita ya maji yasiyo na chumvi huweza kushika takriban miligramu 9 za oksijeni kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, lakini 7.5 tu kwenye nyuzi 30. Ukikata miti ya kingoni na kumwaga zege, umeondoa kivuli na changarawe wanamojificha viumbe hao. Jiji la Munich, Ujerumani, lilifanya kinyume chake: kati ya 2000 na 2011 waliupanua mto Isar kwenye kipande chenye urefu wa kilomita 8, wakaondoa zege kingoni na kuiachia changarawe itembee.

Unapokwenda kupima, vaa buti na glavu, hasa penye kichocho. Usiende peke yako, na maji yakianza kupanda baada ya mvua, ahirisha.