Uwingilugha na amani: maana ya dhana hii kwa mtazamo wa Mwanza

Uwingilugha ni hali ya mtu, au jamii nzima, kutumia lugha zaidi ya moja katika maisha ya kila siku. Katika mialo, yaani sehemu za ufukweni zinapofikia mitumbwi ya uvuvi, ya Ziwa Victoria upande wa Mwanza, Kisukuma, Kikerewe, Kijita, Kizinza na Kijaluo husikika sehemu moja, huku Kiswahili kikiwaunganisha wote.

Wapo wanaoamini kwamba wingi wa lugha ndio unaozaa migogoro. Historia haiwaungi mkono. Nchini Rwanda karibu kila raia anazungumza Kinyarwanda, na bado mwaka 1994 yalitokea mauaji ya kimbari, yakichochewa redioni kwa lugha hiyo hiyo ya wote. Kinacholeta hatari zaidi ni wenye mamlaka kuipa lugha moja nafasi yote, hadi wasioijua wakakosa shule, ajira na haki. Sheria ya mwaka 1956 iliyokifanya Kisinhala kuwa lugha pekee rasmi ya Sri Lanka iliwafanya Watamil, wanaozungumza Kitamil, wajione wametengwa, na manung'uniko hayo yakawa miongoni mwa vyanzo vya vita vilivyoanza mwaka 1983.

Katika usuluhishi, faida ya uwingilugha huonekana kwenye mambo madogo. Mvuvi anayedai kwamba nyavu zake zimekatwa usiku hueleza shauri lake kwa Kiswahili mbele ya viongozi wa mwalo, kwa kuwa hiyo si lugha ya kabila la upande wowote. Lakini mzee anayemwamkia mlalamikaji "Mwangaluka", salamu ya Kisukuma, kisha akamgeukia mlalamikiwa kwa Kijita, huwa amewaonyesha wote wawili kwamba anawatambua kabla hajaamua lolote. Zaidi ya hayo, anajua ni neno gani linaloweza kupokewa kama utani upande mmoja na kama tusi upande wa pili, ujuzi ambao kwa maoni yangu unastahili kufundishwa kwa kila msuluhishi. Ni kweli pia kwamba watu wawili wakihamia lugha ya kwao katikati ya kikao, wa tatu huhisi anasengenywa, na imani iliyojengwa kwa saa nzima huvunjika.

Kwa mtazamo huo, mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama nchini Tanzania yanahusu amani moja kwa moja, kwa sababu aliyeshindwa kesi ya shamba huko Sengerema hawezi kuridhika na hukumu asiyoielewa.

Hata hivyo, lugha ina mipaka yake. Mvutano wa Kenya na Uganda juu ya kisiwa cha Migingo, humu humu ziwani, unatokana na samaki na mpaka, na mgogoro wa namna hiyo unahitaji wapima ardhi na mikataba hata pale ambapo wavuvi wa pande zote wanaelewana kwa maneno.