Antena ya skana juu ya paa: anza na waya

Wadau wengi wakinipigia simu swali la kwanza ni "fundi, ninunue antena gani?" na mimi kabla sijajibu huwa nauliza la kwangu, kutoka kwenye paa mpaka meza utakayoweka redio ni mita ngapi na waya utapita wapi. Kwasababu kwa skana ya nyumbani, yaani redio ya kusikilizia mawasiliano ya meli na ndege, hela nyingi inapotea kwenye waya. Unakuta mtu kanunua antena ya aina ya diskoni nzuri kabisa kaipandisha juu, alafu kaunganisha na waya mwembamba wa RG-58 aliopewa dukani, signo inafia njiani.

Chukua mita 20, ambazo ni kawaida tu kwa nyumba ya chini ukishahesabu bomba linalobeba antena, ukuta na kona za ndani. RG-58 kwenye megahezi 157, yaani kule wanakoongea meli, inakula kama desibeli 4 (desibeli ndo kipimo cha signo inayopotea), kwahiyo inayofika kwenye redio ni kama asilimia 40 ya ile iliyoingia kwenye antena. Ukipanda mpaka megahezi 1090, ambako ndege zinatuma data za mahali zilipo, urefu huohuo unakula zaidi ya desibeli 12, hapo haibaki hata sehemu moja ya kumi. Sasa chukua RG-6, huu waya wa dishi unaouzwa kila mtaa kwa ajili ya ving'amuzi. Mita hizohizo 20 unapoteza chini ya desibeli 2 kwenye masafa ya meli, na kwenye 1090 kama 4 na ushee. Na bei yake wote tunaijua.

Hapo ndo mtu ananiambia "lakini fundi waya wa dishi ni omu 75 na skana ni omu 50, si haviendani?" Ni kweli haviendani, ila kwa kupokea tu hasara ya kutofanana huko haifiki hata desibeli 0.2, sikio lako halitaigundua. Ingekuwa unarusha mawimbi tungeongea mengine. Kwa kusikiliza, chukua RG-6 yenye ganda jeusi, ile nyeupe jua letu linaipasua, na hakikisha wavu wake wa ndani ni mzito. Kwa hela ya juu zaidi kuna LMR-400, ni waya mzuri sana ila mnene na mgumu kupinda, mimi naushauri pale tu njia ni ndefu kweli au mtu anataka kukazania 1090.

Konekta usinunue zile za kuzungusha kwa mkono. Chukua za F za kubana na chombo chake, mafundi dishi wote wanacho. Ukimenya waya hakikisha hakuna hata unywele mmoja wa wavu unaogusa shaba ya kati, na usijaribu kulehemu wavu wa RG-6 kwa risasi maana mwingi ni aluminiamu, haushiki. Kule juu diskoni nyingi zina mdomo wa kupokea PL-259 au N, na chini skana kama Uniden BC125AT ina BNC, kwahiyo utahitaji adapta mbili. Ukipata nafasi ya kuchagua antena chukua yenye N, ile imetengenezwa kuzuia maji, PL-259 haikutengenezwa hivyo. Na usining'inize RG-6 moja kwa moja kwenye skana, ni ngumu itavunja soketi, weka kipande kifupi cha waya laini mwishoni.

Kuhusu antena yenyewe sina maneno mengi. Diskoni inashika masafa mapana, ndo sifa yake, lakini haiongezi nguvu. Kama wewe shida yako ni meli tu, labda uko Kigamboni au Tanga au Likoni na unataka kusikia chaneli 16, ile megahezi 156.8, basi tengeneza mwenyewe: nondo moja ya wima sentimita 45 hivi na nne za chini zimeinama nyuzi 45, zinazidi kidogo urefu, zote kwenye soketi moja. Kwa ndege, za megahezi 118 mpaka 137, wima iwe kama sentimita 56. Itashika masafa yake vizuri sawa na diskoni na gharama ni ndogo. Ila kumbuka ndege wanaongea kwa AM na meli kwa FM, ukisahau kuweka skana kwenye AM utalaumu antena bure.

Urefu wa kwenda juu watu wanauelewa vibaya kidogo. Masafa haya yanakwenda kwa kuonana, na hesabu ya haraka ni 4.12 mara kipeuo cha pili cha urefu wa mita, unapata kilomita. Antena ikiwa mita 3 upeo wake ni kilomita 7, ikiwa mita 9 ni kilomita 12 na kidogo. Unaongeza na upeo wa mwenzako, meli yenye antena ya mita 25 inaleta kama 20. Kwahiyo ukitoka mita 3 mpaka 9 kwenye hesabu umeongeza kilomita 5 tu, faida kubwa kabisa ni kwamba umepanda ukapita mabati na nyumba za jirani, na hiyo utaisikia siku hiyohiyo. Ndege iliyo mita 10,000 upeo wake peke yake unapita kilomita 400, ndo maana mtu wa Dar anaweza kumsikia rubani aliye juu ya Mombasa lakini mnara unaomjibu asiusikie kabisa, mnara uko chini.

Antena ya ndani ya dari chini ya mabati sahau. Bati linaziba. Na bomba usilifunge kwenye fishabodi, upepo wa kusi utaling'oa pamoja na mbao. Funga kwenye ukuta wa tofali, klampu mbili zilizoachana mita moja, bomba la maji la chuma la inchi moja na nusu linatosha, na likizidi mita 3 juu ya klampu weka waya za kulivuta pande tatu. Boliti na nati nunua za chuma kisichoshika kutu, sisi wa pwani chumvi inakula kila kitu. Kabla ya kunyanyua chochote angalia nyaya za umeme za mtaani: ukijumlisha bomba na antena, hata vikianguka upande wowote visizifikie, na uache nafasi ya ziada. Usipande peke yako. Hili silipunguzi kwa mtu yeyote, kama nafasi haipo basi kazi haipo.

Radi nayo. Wa kanda ya ziwa, Mwanza, Bukoba, Kisumu, Kampala, nyie mnaijua kuliko sisi. Hakuna kifaa cha kuzuia radi inayopiga antena moja kwa moja, yeyote anayekuuzia hivyo anakudanganya. Kazi ya kutuliza ardhini ni kuondoa chaji inayojikusanya na kupunguza madhara ya radi iliyopiga karibu. Bomba liunganishwe kwa waya mnene wa shaba, mimi natumia milimita 16 za mraba, unashuka kwa njia fupi iliyonyooka mpaka kwenye nondo ya shaba iliyochimbiwa. Alafu, na hapa ndo wengi wanaachia, nondo hiyo lazima iunganishwe na ile ya umeme wa nyumba. Ukiziacha mbalimbali, radi ikipiga jirani kila moja inakuwa na volti yake na tofauti hiyo inatafuta njia kupitia redio yako, na wewe ukiwa umeishika. Weka pia kile kifaa kidogo wanachokiita kizuia radi, ni cha kupunguza madhara tu, kwenye waya wa antena pale unapoingia ndani, kiunganishwe hapohapo kwenye waya wa ardhini. Na mawingu yakianza kukusanyika masika au vuli, chomoa waya, na mwisho wake ubaki nje, usiulaze mezani.

Waya unapoingia ndani toboa tundu linaloinama kuelekea nje, na nje uache waya ushuke chini ya tundu kisha upande, maji yadondokee pale chini. Kila kiungio cha nje zungushia tepu ya mpira inayojishika yenyewe, kuanzia chini kwenda juu, kisha tepu nyeusi ya kawaida juu yake kuilinda na jua. Solotepu peke yake haifiki mvua ya pili.

Ukiwasha ukasikia kelele tu, usikimbilie kununua kikuza signo. Weka skana kwenye betri, zima swichi kuu ya nyumba, sikiliza. Kelele ikikata, mkosaji yuko ndani: taa za LED za bei rahisi, chaja za simu, kidhibiti cha sola. Washa kimoja kimoja mpaka umpate. Na kama uko mjini karibu na minara ya redio za FM, zile za 88 mpaka 108 zinaweza kuizidi nguvu skana mpaka unasikia muziki sehemu isiyo ya muziki, hapo unahitaji kichujio cha FM, kikuza signo kitaongeza tatizo.

Jambo la sheria: ulizia kinachoruhusiwa kwenye mamlaka ya mawasiliano, TCRA kama uko Tanzania, CA kwa Kenya au UCC kwa Uganda kabla hujanunua, na unachokisikia usikirekodi ukasambaza kwenye magrupu.

Masika ikiisha panda tena, fungua kiungio cha juu uangalie wavu wa waya. Ukiwa umekuwa mweusi au una unga, maji yameingia, na kufuta kwa kitambaa hakusaidii. Kata kipande kwa kipande mpaka ukute wavu unaong'aa, funga konekta mpya, zungushia tepu mpya. Ukikata nusu mita na bado ni mweusi, badilisha waya wote.