Kengele ya oili inalia, tangi limejaa: tuanzie wapi?

Wiki iliyopita niliitwa ufukweni Msasani, Dar es Salaam, kukagua boti ya faiba yenye mashine ya kupachika ya Yamaha, ya tustroki, yaani inayochoma oili pamoja na petroli, ile aina inayojichanganyia oili yenyewe. Nahodha alinieleza kwa furaha kwamba kengele iliyokuwa ikiwasumbua kila wakivuka kwenda kisiwa cha Mbudya ilikuwa imepona. Nilipofungua kifuniko niliiona dawa: waya wa king'ora ulikuwa umekatwa kwa kisu na ncha zake zimeviringishwa utepe mweusi.

Simlaumu sana, kwa sababu mtu akisikia kengele, akachungulia tangi na kulikuta limejaa, ni rahisi aamini kwamba kengele ndiyo mbovu. Lakini mashine kubwa za mfumo huu zina matangi mawili. Lile kubwa lililo ndani ya boti, ambalo nahodha hulijaza na kulichungulia, ni ghala tu. Mashine hunywa kutoka kwenye tangi dogo lililofungwa ubavuni mwake, na pampu ya umeme ndiyo inayosogeza oili kutoka ghalani kila boya la tangi dogo linaposhuka. Ghala linaweza kujaa pomoni huku tangi dogo likikauka.

Kabla ya kugusa waya wowote, mimi huchanganya oili kwenye petroli kwa mkono kwa kipimo cha 50 kwa 1, yaani nusu lita ya oili kwa lita 25 za petroli. Mashine itatoa moshi mwingi na huenda plagi zikachafuka, lakini haitanoki, yaani haitakwama kwa kukosa oili, mkononi mwangu wakati naendelea kutafuta. Oili iwe yenye alama ya TC-W3 kwenye kopo, yaani ya tustroki za majini. Ile ya tustroki za nchi kavu zinazopozwa kwa upepo ina viambato vinavyoacha majivu ndani ya silinda, na ile ya bodaboda ni ya injini za forstroki, kwa hiyo haina kazi hapa kabisa.

Kisha tazama taa, kwa kuwa king'ora hichohicho hulia pia mashine ikipata joto. Kama taa ya oili ni ya kijani na kengele inalia, achana na oili, uangalie kama maji ya kupoozea yanatoka kwa nguvu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2019, lakini pale Feri, kwenye soko la samaki, bado naitoa kwenye matundu ya kunyonyea maji. Taa ya njano inakuambia kwamba ghala linakaribia kwisha. Nyekundu ndiyo ya kuogopwa: tangi dogo limepungukiwa, na mashine hujizuia yenyewe isizidi takriban mizunguko 2,000 kwa dakika.

Ikiwa taa ni nyekundu na ghala lina oili, ipo swichi ya dharura kwenye mashine, ambayo ukiibonyeza na kuishikilia huiamuru pampu ivute oili bila kusubiri boya. Naipenda swichi hii kwa sababu inagawa tatizo katikati. Pampu ikinguruma na oili ikapanda, basi pampu, mipira na chujio ni vizima, na mkosaji ni boya, kisanduku kinachodhibiti au waya za kati yao. Ikinguruma bila oili kupanda, chomoa chujio la ghala. Mara nyingi utakuta ute mzito kama uji, ambao hutokana na maji yaliyopenya kwenye mfuniko wakati wa mvua, au na oili za aina mbili zisizopatana. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo hukaa chini kabisa, palepale pampu inaponyonyea.

Boti ya Msasani haikunguruma kabisa. Fundi aliyenitangulia alikuwa amepima kwa mita, akapata volti 12 kwenye soketi ya pampu, akahitimisha kwamba pampu imekufa. Mimi nilichomeka balbu ya breki ya gari, ya wati 21, mahali pa pampu, nayo ikawaka kwa unyonge kama kibatari. Nilipochuna ganda la waya wa hasi, shaba yote ilikuwa imegeuka unga wa kijani kwa chumvi na ulikuwa umebaki uzi mmoja tu. Uzi mmoja unatosha kuidanganya mita, ambayo haitumii umeme wa maana, lakini hauwezi kuzungusha mota.

Mashine za Mercury za tustroki zenye tangi la mbali ni habari nyingine, kwani nyingi hazina pampu ya umeme pale: hewa yenye shinikizo kutoka kwenye mashine ndiyo inayosukuma oili. Mfuniko ukilegea au mpira wake ukipasuka, kengele italia juu ya tangi lililojaa. Kaza mfuniko kwanza.

Na kunyamaza kwa kengele kusikupe imani kupita kiasi. Boya linajua usawa wa oili tangini, halijui kama oili inafika kwenye pistoni. Hewa ikiingia kwenye pampu ya kudungia, ile inayotoa oili tangi dogo na kuipeleka ndani ya mashine, tangi litabaki limejaa na taa itabaki ya kijani mpaka mashine inoki. Ndiyo maana kila mpira wa oili unapofunguliwa, lazima ulegeze skrubu ya kutolea hewa mpaka oili itoke bila povu.

Baada ya kubadilisha waya ule na kuunga ule wa king'ora, niliiacha soketi ya ghala imechomolewa makusudi, nikachora mstari kwenye tangi dogo, tukatoka kwa petroli iliyochanganywa. Oili ilishuka chini ya mstari, kwa hiyo pampu ya kudungia ilikuwa ikinywa. Tulipokuwa tunarudi kengele ikalia, nahodha akashtuka na kunitazama. Nilichomeka soketi, pampu ikanguruma, tangi likajaa, na taa ikarudi kijani.