Maji yaliyokenekwa: kwa nini mashine ya CPAP huyataka, na namna ya kuyapata ukiwa melini

Maji yaliyokenekwa ni maji yaliyochemshwa yakawa mvuke, kisha mvuke ule ukapozwa na kurudi kuwa maji. Chumvi, chokaa, chuma na madini mengine hayawezi kuruka pamoja na mvuke, kwa hiyo hubaki kwenye chombo cha kwanza. Ukifunua sufuria inayochemka ukaona matone yamejipanga upande wa ndani wa mfuniko, umeyaona. Kiwandani kazi ni hiyo hiyo, ila matone hukusanywa na kufungwa kwenye chupa. Afrika Mashariki wengi huyajua kama maji ya kuongezea betri ya gari, na waliosoma kemia wanayakumbuka tangu maabara ya shule.

Lakini wapo watu wanaoyahitaji kila usiku kabla ya kulala. Hao ni wale wenye tatizo la kukatika pumzi usingizini. Mtu akisinzia, misuli ya koo hulegea, njia ya hewa hujifunga, pumzi hukatika kwa sekunde kumi au zaidi, kisha anashtuka na kuvuta hewa kwa kishindo, analala tena, na hali hiyo hujirudia mpaka asubuhi bila yeye mwenyewe kujua. Mwaka 1980 daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, alianza kuwatibu wagonjwa wa namna hii kwa kuwasukumia hewa puani kwa nguvu ndogo isiyokatika, na koo likabaki wazi usiku kucha. Hiyo ndiyo CPAP, kifupi cha Kiingereza cha “msukumo wa hewa usiokatika kwenye njia ya pumzi”. Mashine za leo ni ndogo, zinakaa juu ya meza ya kitandani, na hutoa msukumo wa kati ya sentimita 4 na 20 za maji (kipimo cha presha ya hewa) kupitia mpira mrefu hadi kwenye maski.

Hewa ikisukumwa puani kwa saa saba au nane hukausha pua, mdomo na koo. Wengine huamka wakitoka damu puani. Ndiyo maana mashine nyingi zina kijitangi cha maji chenye bamba la moto chini yake. Hewa hupita juu ya maji yaliyopata uvuguvugu, inabeba unyevu, ndipo inaingia kwenye mpira. Maji yaliyokenekwa yanahitajika hapo tu.

Watu wengi hudhani maji haya ni ya kulinda mapafu dhidi ya madini. Kwenye mashine ya CPAP sivyo. Maji hayarushwi kama matone, yanageuka mvuke, na mvuke haubebi chokaa. Madini hubaki kwenye kijitangi. Jaza maji ya kisima cha pwani, yale yenye chumvi chumvi, ulale nayo, kisha asubuhi kitazame kijitangi kwenye mwanga: utaona duara jeupe pale maji yalipoishia, na vumbi kama chaki kwenye pembe. Usiku wa pili duara linaongezeka. Baada ya wiki chache ukoko umelishika bamba la chuma la chini, joto halipiti sawasawa, plastiki imefifia, na mikwaruzo ile ya ukoko inakuwa maficho ya bakteria na kuvu ambayo sabuni haiifikii vizuri. Maji yaliyokenekwa yakikauka hayaachi kitu. Hiyo ndiyo faida yake kubwa.

Kutokuwa na madini, hata hivyo, si sawa na kutokuwa na vijidudu. Chupa ikishafunguliwa, maji yake huweza kuchafuka kama mengine. Kwa hiyo yaliyobaki kwenye kijitangi humwagwa kila asubuhi, kijitangi kikaoshwa kwa sabuni laini na kuanikwa, na jioni kikajazwa upya. Kuchemsha nako kunafanya kazi ya upande mmoja tu: kunaua vijidudu lakini hakuondoi chumvi. Kwa kweli kunaizidisha, maana maji yanapungua na chumvi inabaki ile ile.

Sasa tuje melini. Meli kubwa za kitalii hutumia mamia ya tani za maji matamu kwa siku, na sehemu kubwa huyatengeneza zenyewe kutokana na bahari. Njia ya kwanza ni kukeneka. Joto linalotoka kwenye injini hutumika kuchemsha maji ya bahari ndani ya tangi ambalo hewa yake imenyonywa, na kwa kuwa presha humo ni ndogo, maji huchemka hata kabla ya kufika nyuzi 100. Mvuke hupozwa, unakuwa maji. Njia ya pili ni kuyasukuma maji ya bahari kwa nguvu kupita kwenye utando mwembamba unaozuia chumvi. Mengine hupakiwa bandarini.

Kwa hiyo abiria anaweza kujiuliza, kama meli inakeneka maji, si nifungue bomba la chumbani nijaze? Hapana. Maji yaliyotoka kwenye mtambo hayapelekwi moja kwa moja kwa abiria. Maji matupu yasiyo na madini hula mabomba ya chuma na hayana ladha, kwa hiyo meli huyarudishia madini kidogo, kisha huyatia klorini ili yasiote vijidudu katika safari ndefu ya mabomba, na huchanganyika matangini na yale ya bandarini. Yanapofika kwenye sinki lako ni maji mazuri ya kunywa. Siyo tena maji yaliyokenekwa. Mhudumu akikuambia kwa nia njema kwamba maji yote ya meli hii yamekenekwa, mshukuru, na bado umwombe chupa.

Chupa hiyo huombwa mapema. Kampuni nyingi za meli za kitalii zina dawati la abiria wenye mahitaji maalumu, na fomu zake huuliza waziwazi kama una mashine ya usingizi. Jaza fomu hiyo ukishalipia tiketi, si wiki ya kuondoka, kwa sababu chupa lazima zipakiwe bandarini pamoja na shehena nyingine kabla ya meli kung'oa nanga. Kampuni nyingine hutoa maji hayo bure, nyingine huuza kwa galoni. Uliza pia kama unaruhusiwa kupanda na chupa yako mwenyewe, kwa maana masharti ya vinywaji na vimiminika hutofautiana. Ukijibiwa, chapisha jibu hilo uende nalo. Ukifika chumbani usione chupa, usisubiri mpaka saa ya kulala; mwone mhudumu wa chumba au dawati la wageni mchana huo huo, wakati meli bado imefungwa gatini na duka la mjini liko karibu.

Kiasi gani kinatosha? Kijitangi cha mashine nyingi hubeba kati ya mililita 300 na 400. Mtu anayetumia mililita 300 kwa usiku atahitaji lita 2.1 kwa safari ya usiku saba, kwa hiyo galoni moja ya Marekani, ambayo ni karibu lita 3.8, inamtosha na kubaki. Safari ya wiki mbili inataka galoni mbili ili kuwe na akiba. Nyumbani, kabla ya kusafiri, jaza kijitangi mpaka alama ya juu na uangalie asubuhi kimepungua kiasi gani. Matumizi hubadilika kulingana na ukavu wa hewa na kiwango cha unyevu ulichokiweka.

Kama unaruka kwa ndege kwenda kuipanda meli, mwaga maji yote na ukikaushe kijitangi kabla ya kufunga begi. Maji yakiingia kwenye mota ya mashine, safari imeharibika kabla haijaanza.

Ukilazimika kununua bandarini, maduka ya dawa na supamaketi kubwa za Marekani huyauza kwa galoni. Ulaya mara nyingi utayakuta kwenye rafu za vifaa vya kupigia pasi au vya magari, na hapo soma chupa vizuri, kwani maji mengine ya pasi yametiwa manukato. Manukato hayo utayavuta usiku kucha, kwa hiyo yaache. Anayepandia Mombasa, Dar es Salaam au Zanzibar ana hatari yake ya kuiangalia, na hii nataka isisitizwe: kwenye vituo vya mafuta na maduka ya vipuri, jina “maji ya betri” hutumika kwa vitu viwili tofauti. Kimoja ni maji yaliyokenekwa. Kingine ni asidi ya betri, inayochoma ngozi na macho. Usinunue kwa kutamka jina tu, na usikubali chupa iliyofunguliwa, iliyojazwa upya au isiyo na lebo. Ukiwa na shaka yoyote, nenda duka la dawa uombe maji tasa ya hospitali. Hapo nako usichukue maji ya dripu ya kawaida, maana yana gramu 9 za chumvi katika kila lita, na chumvi hiyo yote itabaki kwenye kijitangi chako.

Bahari inapochafuka, weka mashine chini ya usawa wa kitanda, hata sakafuni ikibidi, na usijaze kijitangi kupita alama. Meli ikiyumba, maji yaliyozidi hukimbilia kwenye mpira na kukumwagikia puani. Soketi nazo mara nyingi ziko mbali na kitanda. Omba waya wa kuongezea kutoka melini, kwa sababu nyaya zenye kinga dhidi ya umeme kupanda ghafla unazokuja nazo kutoka nyumbani huzuiwa na meli nyingi kwa kuhofia moto.

Na kama chupa haikuja kabisa? Kwa usiku chache tumia maji ya kunywa ya chupa iliyofungwa, ukichagua yenye TDS (jumla ya madini yaliyoyeyuka majini) ndogo zaidi kwenye lebo. Yanayojinadi kwa wingi wa madini ndiyo mabaya kuliko yote kwa kazi hii. Mashine haitakufa. Ukirudi nyumbani loweka kijitangi kwenye siki nyeupe, sehemu moja ya siki kwa sehemu kumi za maji, kisha kisuuze mpaka harufu iishe.

Kosa la hatari ni kuvua maski kwa sababu maji yamekosekana. Kinachotibu ni msukumo wa hewa. Unyevu ni wa kukupa raha ili uweze kuuvumilia msukumo huo, na mashine inasukuma hewa ile ile hata kijitangi kikiwa kitupu. Zima kipasha maji kwenye mipangilio ulale nayo hivyo hivyo. Pua itakauka, na hilo litaisha. Pumzi inayokatika mara kadhaa kila saa, huku oksijeni ya damu ikishuka na moyo ukihangaika, ni jambo jingine kabisa, tena uko katikati ya bahari, mbali na hospitali. Soma mapema kwenye kitabu cha mashine yako jinsi ya kuiendesha bila maji, kwa kuwa baadhi huhitaji kifuniko maalumu mahali pa kijitangi. Kifuniko hicho ni chepesi. Kitie kwenye begi pamoja na maski.