Ushindani wa kutosha kwenye tenda za majengo ya serikali, maana yake nini?

Wengi wakisikia tenda imeshindaniwa wanaona basi, wameomba watatu kapewa mwenye bei ya chini, mambo yameisha. Sio hivyo. Ushindani unakuwa wa kutosha pale makandarasi wenye uwezo wa hiyo kazi wamepata taarifa mapema, masharti hayajawakata bila sababu, na kila aliyeomba kapanga bei yake mwenyewe bila kuulizana na wenzake.

Hapo mwisho ndo pana shida, maana kuna wasindikizaji. Mmoja keshapangwa kushinda, wengine wanaingiza bei kubwa makusudi ili ionekane watu walishindana, halafu zamu ijayo wanabadilishana. Ukizikagua BOQ zao, yaani orodha za vifaa na kazi zenye bei, unawakamata: neno mabati limekosewa spelingi ileile kwenye karatasi mbili za kampuni tofauti, au bei ya kila aitemu ya huyu ni ya yule ukiongeza asilimia nane, kuanzia msingi mpaka rangi. Hiyo sio bahati mbaya jamani.

Hapa Tanzania tenda za umma zinapita NeST, mfumo wa mtandaoni wa ununuzi ulioanza kutumika 2023, na Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ni ya mwaka huohuo, msimamizi ni PPRA, mamlaka ya serikali ya kudhibiti ununuzi wa umma. Mfumo umesaidia sana upande wa matangazo, mtu wa Kigoma anaiona tenda sawa na wa Dar. Ila mfumo hauwezi kuzuia watu kukutana pembeni, wala hauandiki masharti, masharti anaandika mtu. CRB, bodi inayosajili makandarasi, inawapanga wa majengo kuanzia daraja la kwanza, la kazi kubwa kabisa, mpaka la saba, sasa ukiandika daraja la kwanza kwa kazi ambayo wa la tano anaiweza kabisa, umeshafukuza watu na hakuna atakayesema umeiba.

Ukarabati ni mgumu zaidi ya jengo jipya. Aliyefanya kazi humo mwaka jana anajua dari limeoza wapi na nyaya zimepita wapi, mgeni hajui, so anaweka bei kubwa ajikinge au anaachana nayo. Dawa yake ni jengo lipimwe vizuri kabla ya kutangaza na wote wapelekwe saiti wakaone, na wapewe muda wa kupiga hesabu, sio siku chache tu. Na kazi moja isikatwe vipande ili kila kipande kiishie kwenye kuomba bei kwa watu wachache, hilo sheria inakataza.

Halafu kuna malipo. Taasisi inayojulikana kukaa na hati ya malipo ya mkandarasi miezi na miezi bila kulipa, wakandarasi wazuri hawaombi kwake, hata itangaze vipi.

Akijitokeza mmoja tu sio lazima kuna wizi, lakini mnunuzi awapigie waliochukua nyaraka wakaacha kuomba awaulize kilichowakimbiza ni nini, kabla hajasaini.