Jina la ubao mama halitoshi, soma na toleo lake

Miongoni mwa kompyuta zinazoletwa kwenye karakana ya chuo chetu zikiwa haziwaki kabisa, zipo ambazo hazikuungua wala kuanguka. Mwenyewe alitaka kuweka BIOS mpya, yaani programu iliyo ndani ya ubao inayoiwasha kompyuta. Akatafuta jina la ubao mama wake, yaani ubao mkuu unaounganisha sehemu zote za kompyuta, ambao mafundi wengi huuita mazabodi, akapakua faili lenye jina hilohilo, akaliweka. Jina lilikuwa sahihi, toleo la ubao ndilo halikuwa lake. Programu ya kuwekea BIOS mara nyingi hukataa faili lisilohusika, lakini mimi singeiachia kazi hiyo.

Kiwanda huweza kubadilisha chipu ya sauti, ya mtandao, au sehemu inayolisha prosesa umeme, na jina la bidhaa likabaki vilevile. GA-78LMT-USB3 ya Gigabyte, kwa mfano, imeuzwa katika matoleo ya 4.1, 5.0 na 6.0, na kila moja lina mafaili yake ya BIOS.

Alama ya toleo huweza pia kukuonya kuhusu kasoro. Tarehe 31 Januari 2011 Intel ilitangaza kasoro kwenye chipu zake za mbao mama ziitwazo 6 Series, zikiwemo P67 na H67, zilizokuwa zimeanza kuuzwa mwezi huohuo. Milango ya SATA, inayochomekwa diski, yenye kasi ya gigabiti (Gb) 3 kwa sekunde ingeweza kudhoofika kadiri siku zinavyokwenda, ilhali ile miwili ya Gb 6 haikuwa na tatizo. Gharama ya kurekebisha na kubadilisha ilikadiriwa kuwa dola milioni 700. Chipu zenye kasoro ziliitwa B2, zilizorekebishwa B3, na baadhi ya viwanda vikaongeza “B3” mwishoni mwa jina la ubao. Mbao za P67 na H67 za mwanzo bado zinaweza kukutwa ndani ya kompyuta za mitumba. Ukiupata mmoja usiokuwa na alama hiyo na huna hakika nao, chomeka diski zako kwenye milango miwili ya Gb 6.

Kusoma toleo hakuhitaji kifaa zaidi ya bisibisi na tochi. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu wa kasha, kisha gusa chuma chake kabla ya kugusa ndani. Kwenye mbao za Gigabyte angalia pembeni, hasa kona ya chini kushoto, utaona “REV” na namba. ASUS huandika karibu na jina la ubao, mara nyingi katikati ya sloti za kadi. MSI huweka namba inayoanza na MS, kisha “VER”. Wanafunzi wangu wengi hukimbilia “94V-0” wakidhani ndiyo yenyewe. Hicho ni kipimo cha jinsi ubao unavyostahimili moto, na hakihusiani na toleo.

Boksi nalo huwa na namba, ila kompyuta ikishapita mikononi mwa watu wawili watatu, boksi linaweza kuwa la ubao mwingine.

Bila kufungua kasha, kwenye Windows andika msinfo32 utafute mstari wa BaseBoard Version. Kwenye Linux tumia sudo dmidecode -t baseboard. Usishangae ukijibiwa “x.x” au “Default string”: kiwanda hakikujaza nafasi hiyo. Hapo hakuna njia ya mkato, rudi kwenye bisibisi. Ukishayaona maandishi, yapige picha kwa simu kabla ya kufunga kasha, uihifadhi pamoja na risiti.