Je, wajua? Kwa nini maziwa si dawa ya paka aliyefunga choo

Paka wangu alichuchumaa katika sanduku lake la mchanga kwa dakika kadhaa, mgongo umejikunja na macho yametulia kwa mkazo, kisha akaondoka na kuacha vipande viwili vya kinyesi vilivyokauka kiasi cha kugonga ukingo wa sanduku kama kokoto. Nilimwekea kisahani cha maziwa. Kesho yake akahara, nami nikajipongeza kwamba tumbo limefunguka.

Nilikosea mara mbili. Kosa la kwanza ni kuchukulia kuhara kuwa ushahidi kwamba kilichokwama kimetoka, ilhali majimaji huweza kupenya kando ya kinyesi kigumu na kutoka, kile kigumu kikabaki palepale na mwenye paka akalala akiwa ameridhika. Kosa la pili ni kudhani kwamba maziwa hulainisha, kama mafuta yanavyolainisha bawaba ya mlango. Maziwa hayalainishi kitu. Mtoto wa paka ana kimeng'enya cha laktasi, kinachovunja laktosi, yaani sukari ya maziwa, lakini kimeng'enya hicho hupungua sana baada ya kuachishwa kunyonya. Kwa paka wengi wazima, sukari hiyo hupita bila kumeng'enywa na huvuta maji kuingia utumboni, jinsi chumvi inavyotoa maji katika vipande vya bilinganya kabla ya kukaangwa, huku bakteria wakiichachua na kujaza tumbo gesi. Kwa hiyo nilichokiona asubuhi ile hakikuwa uponyaji. Paka wangu alikuwa akipoteza maji, na maji ndiyo aliyoyahitaji.

Ajabu ni kwamba mojawapo ya dawa ambazo madaktari wa mifugo huwaandikia paka wenye tatizo hili ni laktulosi, sukari inayotengenezwa kutokana na laktosi yenyewe na ambayo utumbo mwembamba hauwezi kuimeng'enya. Hufanya kazi kwa kanuni ileile: hufika katika utumbo mpana ikiwa nzima, bakteria huichachua, na maji huifuata. Tofauti ni kipimo. Daktari hupanga dozi kwa uzito wa paka na kuirekebisha mpaka choo kiwe laini bila kuwa majimaji, ilhali mwenye kisahani cha maziwa anabahatisha, na paka mmoja atahara kwa kiasi ambacho mwingine hatakihisi.

Ili kuelewa kwa nini maji ndiyo kiini cha suala hili, fikiria kifumbu cha kuchujia tui. Ukikikamua mara moja, machicha hubaki na unyevu mwingi. Ukikamua mara ya pili na ya tatu, hukauka mpaka yanashikana. Utumbo mpana ni kifumbu kisichojua kuacha, kwani kazi yake ni kurudisha maji mwilini, na kadiri kinyesi kinavyokaa humo ndivyo kinavyoendelea kukamuliwa. Paka akichelewa kwenda haja kwa sababu sanduku ni chafu, au kwa sababu viungo vyake vya uzeeni vinamuuma akichuchumaa, kinyesi hukauka. Kikikauka huuma kutoka. Kikiuma, paka hukizuia tena. Mzunguko huo ukiendelea muda mrefu, utumbo unaweza kutanuka na misuli yake ikapoteza nguvu ya kusukuma.

Paka ana udhaifu wa ziada. Ametokana na paka-mwitu wa maeneo makavu, ambaye hupata maji yake mengi ndani ya windo, na mwili wa panya ni maji kwa takribani asilimia 70. Chakula kikavu cha dukani kina maji ya asilimia 10 hivi tu, na dagaa waliokaushwa hawana nafuu kubwa. Paka anayelishwa hivyo hunywa zaidi, lakini mara nyingi hafikii kiasi ambacho angekipata katika chakula chenye majimaji. Haimaanishi kwamba kila alaye chakula kikavu atafunga choo, kwani wengi huishi nacho salama; ugonjwa wa figo, ambao huwakausha paka wazee, mara nyingi una uzito zaidi.

Kwa hiyo msaada wa nyumbani huanzia kwenye maji: loweka dagaa, mpe chakula cha kopo, au ongeza mchuzi wa samaki usio na chumvi, kitunguu maji wala kitunguu saumu, kwa kuwa vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Boga lililopondwa husifiwa sana, ila ushahidi wake ni mdogo, na nyuzinyuzi zinaweza kumwongezea mzigo paka ambaye utumbo wake umekwisha kutanuka. Usimnyweshe mafuta kwa nguvu, maana yakiingia mapafuni huleta nimonia, na kamwe usimtilie enema ya binadamu (dawa ya maji inayoingizwa kupitia njia ya haja kubwa) yenye fosfeti, ambayo inaweza kumuua.

Kabla ya yote hayo, hata hivyo, chunguza mchanga. Paka dume aliyeziba njia ya mkojo huchuchumaa na kujikamua vilevile, na kwa macho huwezi kuwatofautisha. Kama mchanga hauna hata bonge moja la mkojo, suala la choo lingoje. Huyo apelekwe kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.